Pipa Tupu Si Tupu

Watumikaji wenzetu, na ninyi wamama wa nyumbani munaosoma ukurasa huu pamoja na mabwana zenu,

Leo tunataka kuongea nanyi juu ya kitu kinachoonekana kwa kila kiwanja, kutoka Kipushi mpaka Kolwezi. Kitu hicho ni pipa. Kuna pipa la chuma la litri 200, kuna bidoni ya plastiki ya litri 25 ao 30, na siku hizi kuna kile chombo kikubwa cheupe cha litri 1000 chenye kuzungushiwa vyuma. Vimepangwa chini ya paa kupokea maji ya mvua, vimesimama karibu na jiko, watoto wanavichezea kama ngoma.

Vinatoka wapi? Vingine vinanunuliwa sokoni. Lakini vingi vinatoka kazini. Mutu anamaliza zamu, anaomba karatasi ya kutoka, anapitisha bidoni mulangoni, anafika nayo nyumbani, bibi yake anafurahi. Na kwa ofisi mukubwa aliyetia mukono wake kwenye karatasi anafikiri amefanya wema. Sisi tunasema wazi: wema huo ni mubaya, na unapashwa kuisha.

Kwanza tukumbuke ni nini kinachokaa ndani ya vyombo hivyo. Tangu viwanda vya Shituru, kule Likasi, vilipoanza kazi mwaka 1929, shaba ya nchi yetu inatolewa ndani ya mawe kwa asidi sulfuriki. Asidi inayeyusha mawe yaliyosagwa, kisha umeme unavuta shaba kutoka kwa maji yale. Pale ambapo mawe yanaeleshwa kwanza, wanatumia zantati na NaSH. Pale ambapo maji ya shaba yanasafishwa, wanatumia dawa iliyochanganywa na mafuta ya namna ya petroli. Ongeza soda kostiki, mazuti, mafuta ya mashini. Kila kimoja kinafika kwa kamyo, kinamwagwa ndani ya tanki ao kinabaki ndani ya pipa lake, na kila kimoja kinaacha nyuma chombo ambacho watu wanakiita «tupu».

Hakuna neno la uongo kuliko hilo kwa kazi yetu. Pipa lililofunguliwa na kugeuzwa chini linabaki na kikombe kimoja ao viwili vya maji yake kwenye mikunjo na kando ya kizibo. Linabaki tena na muvuke. Kwa pipa la esansi ao la mafuta mepesi, muvuke ndio hatari yenyewe. Pipa lililojaa esansi linaweza kuungua, lakini pipa lenye esansi kidogo na hewa nyingi linapasuka kama bomu. Mafundi wa kukata chuma kwa moto wanalijua jambo hili, ao wangepashwa kulijua. Mutu anataka kukata pipa katikati apate beseni la kuogea watoto ao la kuchomea nyama. Anawasha shalumo, anagusa chuma, na kifuniko kinamurukia usoni. Na mazuti, je? Wengi wanajibu kwamba mazuti haiwaki upesi. Kweli, ikiwa baridi. Lakini moto wa shalumo unaipasha pale pale, inatoa muvuke, na matokeo ni yale yale.

Asidi ina ujanja mwingine, na wenye kuufahamu ni wachache hata kati ya watu wa kazi. Asidi sulfuriki kali, ile ya 98 kwa mia, haili chuma sana. Ndiyo maana inaweza kukaa ndani ya tanki la chuma miaka na miaka. Lakini ukiitia maji inakuwa nyepesi, na asidi nyepesi inakula chuma kwa nguvu. Inapokula chuma inatoa hidrojeni, gazi isiyo na rangi wala harufu, na hiyo inawaka kwa cheche moja tu. Basi tazama mutu mwenye nia njema: anachukua pipa la chuma lililokuwa na asidi, anatia ndoo moja ya maji ili alisafishe, analifunga, analiacha kesho. Alikuwa na hatari moja, sasa ametengeneza mbili. Pipa linaliwa kutoka ndani, na gazi inajikusanya juu. Kesho akija na sigara ao na shalumo, hatajua kilichomupata.

Tena maji hayangoji mutu ayatie. Wakati wa mvua, tangu mwezi wa kumi na moja mpaka wa ine, pipa lililosimamishwa inje linakusanya maji juu ya kifuniko chake. Muchana jua linalipasha, hewa ya ndani inapanuka na kutoka kidogo kidogo kando ya kizibo. Usiku baridi inakuja, hewa ya ndani inajikunja, na pipa linavuta. Linavuta nini? Linavuta maji yale yaliyolala juu ya kizibo. Kila usiku linakunywa kidogo. Dawa ni nyepesi na haina bei: pipa liwekwe chini ya paa. Kama paa hakuna, na kama ni pipa la mafuta, lilazwe, vizibo viwili vikae sawasawa kwa kushoto na kwa kuume, kama mishale ya saa inapoonyesha saa tisa na saa tatu za Wazungu. Namna hiyo mafuta ya ndani yanavifunika vizibo vyote viwili, na hewa haina njia ya kuingia. Na mapipa yaliyolazwa yafungiwe kabari kila upande. Muzigo wa pipa moja lenye kujaa, likianza kubingirika, hauzuiliki kwa muguu.

Sasa kile cha litri 1000. Watu wanakipenda kwa sababu kinakaa juu ya palete yake, na elevatere inakibeba upesi. Lakini sikilizeni hesabu hii. Litri 1000 za maji ni kilo 1000. Litri 1000 za asidi kali ni kilo 1840. Macho yanaona chombo kile kile, rangi ile ile, urefu ule ule. Mwenye kuendesha elevatere ya tani moja na nusu, aliyezoea kubeba chombo cha maji, akiingiza meno yake chini ya asidi, matairi ya nyuma yanainuka. Kwenye kila chombo cha namna hiyo kuna kibati kidogo kilichopigwa kwenye chuma. Kimeandikwa uzito kinaoweza kubeba, uzito unaoweza kupangwa juu yake, na mwezi na mwaka kilipotengenezwa. Ni wangapi kati yetu wanaokisoma? Kwa sheria za mataifa juu ya kusafirisha vitu vya hatari, chombo cha plastiki cha namna hii kinatumika miaka 5 tu, na kila miaka 2 na nusu kinapashwa kuangaliwa. Jua linafanya plastiki kuwa kavu kama ganda la yai. Kikiwa kimekauka, na mutu akipanga kingine juu yake, siku moja kinafunguka kutoka chini mpaka juu, na tani mbili za asidi zinalala sakafuni.

Ndiyo sababu ya ule ukuta mufupi unaozunguka matanki na mahali pa mapipa. Wengine wanauona kama kizuizi cha kuwatega miguu, wanauvunja pembeni ili toroli ipite. Ukuta ule unapashwa kuweza kupokea maji yote ya chombo kilicho kikubwa kuliko vyote, na kubaki na nafasi. Ukijaa maji ya mvua hauna kazi tena, kwa hiyo yanapashwa kutolewa kila mara, na yapimwe kwanza mbele ya kwenda kwenye mufereji. Na katika ukuta mumoja musiweke vitu viwili visivyopatana.

Hapa tunaomba musisome mbio. Asidi na NaSH haviwezi kulala nyumba moja. Vikikutana, hata kwa njia ya mufereji ulio chini ya sakafu, hata kwa ndoo moja iliyotumiwa kwa hiki na kisha kwa kile, vinatoa gazi inayonuka kama yai lililooza. Ikiwa kidogo, mutu anaisikia na kukimbia. Ikiwa nyingi, inaua pua kwanza: harufu inapotea, na mutu anafikiri hatari imepita. Kisha anaanguka. Gazi hiyo ni nzito kuliko hewa, inashuka ndani ya mashimo na visima vya pompi. Mwenzake anamuona ameanguka, anashuka kumuvuta, naye anaanguka juu yake. Kisha wa tatu. Kifo cha namna hiyo kimechukua watu wengi katika viwanda vya dunia nzima, na mara nyingi waokoaji ni wengi kuliko aliyeanguka wa kwanza. Bila kifaa cha kupumulia, musishuke. Ni neno gumu kumuambia mutu ambaye rafiki yake amelala chini mbele ya macho yake, lakini wenye kifaa waitwe, na hewa ipelekwe ndani. Na yule magazinia anayeweka bidoni za NaSH kando ya asidi «kwa siku mbili tu, nafasi hakuna», tunamuambia kwamba gazi haihesabu siku.

Tutoke sasa kiwandani, tufuate barabara. Kila siku kamyo za asidi zinapita kati ya Lubumbashi, Likasi na Kolwezi, zinapita katikati ya masoko. Mwezi wa pili mwaka 2019, kwenye njia hiyo hiyo, kamyo ya asidi iligongana na bisi lenye abiria. Watu karibu 20 walikufa, na wengine waliungua vibaya. Hatukumbushi jambo hili ili kuumiza mioyo ya wenye matanga. Tunalikumbusha kwa sababu kwenye nchi yetu kamyo ikianguka, watu wanakimbia na ndoo. Kamyo ya mafuta, kamyo ya sukari, wote wanakimbia. Watoto wenu wafundishwe kusoma kibati cha rangi ya machungwa kilicho mbele na nyuma ya kamyo. Kina namba mbili, moja juu, moja chini. Ile ya chini inataja kilicho ndani. 1830 ni asidi sulfuriki. 1203 ni esansi. 1202 ni mazuti. Mutoto anayejua namba ya simu ya mama yake anaweza kushika namba tatu hizi. Kibati hicho kikionekana kwenye kamyo iliyoanguka, ndoo zirudi nyumbani, na watu wasimame mbali, upande upepo unakotoka.

Tunarudi kwa bidoni yetu ya nyumbani. Wamama wengi wanatuambia: «Lakini tunaiosha. Tunaiosha kwa saboni, kwa muchanga, kwa maji ya moto, mpaka harufu inaisha.» Tunawaamini. Shida si uvivu wa mama. Shida ni plastiki. Chuma kinashika uchafu juu ya ngozi yake, lakini plastiki ya bidoni inanywa mafuta na dawa za namna ya petroli, zinaingia ndani ya mwili wake. Unaosha ngozi, na kilicho ndani kinabaki. Kisha unatia maji, unayaacha kwenye jua siku mbili, na kile kilichoingia kinaanza kutoka polepole, kinaingia katika maji. Si kingi. Hakiui siku ile. Lakini ni maji ya kila siku, ya kunywa, ya kupikia bukari, ya kukorogea mutoto uji. Na mwenye kupika munkoyo anajua kwamba kinywaji chake kinalala usiku kucha ndani ya chombo, tena kinywaji kikali kidogo, chenye kuvuta zaidi kuliko maji. Juu ya lutuku hatutasema mengi. Sheria imekwisha kusema yake. Lakini wanaoipika ndani ya pipa la kiwanda wanachemsha pipa lenyewe pamoja na lutuku, na wanyweaji wakumbuke hilo.

Kuna tena shida ya macho. Bidoni ya njano iliyoleta mafuta ya ngazi na bidoni ya njano iliyoleta dawa ya kiwanda zinafanana kama mapacha. Etiketi imetolewa ili bidoni ionekane nzuri. Sokoni, mama anayenunua hana njia ya kujua. Mutumikaji aliyeitoa kiwandani alijua, lakini aliiuza kwa jirani, jirani akaiuza tena, na ujuzi haukuuzwa pamoja na bidoni. Tunaposikia mutu akisema kwamba mama ndiye mwenye kosa kwa kununua bila kuuliza, tunakataa. Angemuuliza nani?

Sasa maneno yenyewe tunayotaka kusema. Kwa miaka mingi kurasa kama huu wetu zimebandika picha: mutu mwenye kichwa cha mifupa, maneno mekundu, «Hatari!». Picha ni nzuri. Lakini haziwezi kushinda kiu. Robine ikikauka siku tatu, mama atatafuta chombo cha kuwekea maji, na atachukua kile kilicho karibu. Kama kilicho karibu ni bidoni ya kiwanda, atachukua ya kiwanda, hata ukuta wote wa nyumba ungebandikwa picha. Kwa hiyo hatufikiri kwamba kazi ya kwanza ni ya mama, wala ya mutumikaji. Kazi ya kwanza ni ya mulango wa kiwanda. Chombo kilichobeba asidi, soda, zantati, NaSH ao dawa yoyote kisipite mulango huo kwenda nyumbani kwa mutu, hata kwa karatasi, hata kwa bei, hata kama zawadi ya mwisho wa mwaka. Kirudi kwa aliyeleta dawa, ambaye anaweza kukijaza tena dawa ile ile. Ao kioshwe mara tatu na wenye mifuniko ya mikono ya mpira, buti na miwani, maji ya kuosha asidi yaende kwa shimo lenye chokaa, si kwa mufereji wa muji, kisha kitobolewe na kupondwa ili kisiwe na faida kwa mutu yeyote.

Tunajua jibu litakalokuja: «Munataka kumunyang'anya mutumikaji kitu kidogo alichokuwa anapata.» Ndiyo, tunataka, lakini si bure. Bidoni mpya ya chakula si kitu cha bei ya kutisha kampani. Kampani inanunua vitu kwa kamyo nzima. Inunue na bidoni mpya, za rangi moja ambayo haitumiwi kiwandani, iwauzie watumikaji kwa bei ile ile ilivyonunua, ikatwe kwa mushahara kidogo kidogo. Mama atakuwa na chombo anachokijua. Mulinzi wa mulangoni hatagombana na mutu tena, maana hakuna mwenye kutaka takataka wakati ana kizuri. Kunyima bila kutoa ni kufundisha watu kupitisha vitu usiku juu ya ukuta. Na mambo ya usiku hayana etiketi kabisa.

Kuna pia desturi ndogo inayotoka kazini na kuleta vilio vikubwa nyumbani: kutia dawa ya pipa ndani ya chupa. Mutu anataka soda kostiki kidogo ya kutengeneza saboni, ao petroli ya taa, anatia ndani ya chupa ya limonadi, anaweka chini ya kitanda. Mutoto anajua chupa ile. Anajua kilicho ndani ni kitamu. Soda inaunguza koo lake mpaka tumboni, na hata akipona, koo linaweza kufungana na makovu, na chakula kisipite tena. Kama hilo limetokea, musimulazimishe kutapika, maana kilichounguza kikishuka kitaunguza tena kikipanda, na petroli ikitapikwa inaingia ndani ya mapafu. Muoshe mudomo wake kwa maji, mumupeleke kwa hospitali mbio, na muchukue chupa ile pamoja naye, ili muganga aone ni nini.

Na asidi ikimwagikia ngozi, kazini ao nyumbani, nguo zitoke mara moja bila haya, na maji mengi yapite juu ya mahali pale kwa dakika 20. Kwa macho ni vile vile, kope zikiwa zimefunguliwa kwa vidole. Musipake mafuta, musipake dawa ya meno, musipake yai. Dakika 20 ni ndefu sana kwa mutu anayelia. Mwenye saa ahesabu. Ndiyo maana dushi ya haraka iliyo karibu na asidi inapashwa kufunguliwa kila juma ili ijulikane kama maji yanatoka, na masanduku yasipangwe mbele yake.

Wenye mapipa na bidoni za kiwanda nyumbani leo, musizitupe mutoni wala kuziuza. Kama kuna kitu ndani, musikimwage na musitie maji. Funga kizibo, weka mbali na moto na watoto, kisha mupashe habari kwa wenye kazi ya usalama, waje kuchukua. Na wakubwa wa mulango, tunawaomba jambo moja: kwa miezi mitatu ya kwanza, mutu akirudisha pipa, mulipokee, mumupe asante, na musimuulize lilitoka kwa karatasi gani.